Mbwa Alikataa Mara Tatu

Mwezi huu nataka tuzungumze habari ya mbwa. Usigeuze ukurasa kwanza. Najua wengine watasema, "Pasta amekosa la kuandika." Vumilia mpaka mwisho, kiisha utanihukumu.

Jioni moja nilirudi toka mazoezi ya kwaya, nikakuta vijana wa kwangu na wa jirani wamekusanyika barazani, vichwa vyote juu ya telefone moja, wanacheka mpaka machozi. Nikauliza, "Kuna nini?" Wakanipa nafasi nikaangalia. Nikaona mama mmoja wa Kizungu, mtu wa umri, anakimbia ndani ya uwanja, na mbwa wake anakimbia pamoja naye. Mbwa anaruka fito zilizolazwa. Anaingia ndani ya bomba kubwa la kitambaa, anatokea upande wa pili. Anapita katikati ya vijiti 12 vilivyosimamishwa kwa mstari, kushoto kuume, kushoto kuume, kama mkono wa mtu anayesuka mkeka. Watu wengi wamezunguka uwanja wanapiga makofi.

Mtoto wangu wa kiume akasema, "Papa, kumbe Wazungu wanakosa kazi?" Wote wakaangua kicheko tena.

Mimi sikucheka. Niliomba waanze picha ile tangu mwanzo, nikaiangalia mara mbili, kiisha nikaingia ndani bila kuaga. Maana mimi pia, mpendwa msomaji, niliwahi kushindana na mbwa. Ilikuwa msimu mmoja tu, kiangazi cha mwisho wa 1994 kuingia 1995. Na msimu ule ulimwachia mdogo wangu mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake.

MCHEZO WA WENZETU

Kwanza nikueleze mchezo ule, sababu una jambo la kutufundisha. Ulianzia Uingereza mwaka 1978, kwenye maonyesho makubwa ya mbwa yanayoitwa Crufts, mjini London. Wenye kupanga maonyesho walitafuta kitu cha kufurahisha watu wakati wa mapumziko. Bwana John Varley na mwenzake Peter Meanwell wakawatengenezea vizuizi kwa kufuata mfano wa mashindano ya farasi wanaoruka. Watu wakapenda mno. Leo mchezo huo unachezwa katika nchi nyingi za dunia.

Sheria zake ni hizi. Mbwa hafungwi kamba. Mwenye mbwa haruhusiwi kumgusa wala kumwonyesha chakula. Anamwongoza kwa sauti, kwa mikono na kwa mwili wake tu. Fito ikianguka, wanahesabiwa makosa matano. Mbwa akifika mbele ya kizuizi akasimama, au akakwepa pembeni, wanaita hiyo ni kukataa, na ni makosa matano tena. Akikataa mara tatu, wanatolewa uwanjani wote wawili, mbwa na mwenye mbwa. Hawamtoi mbwa peke yake.

Kuna pia mbao za kupanda na kushuka. Miisho ya mbao hizo imepakwa rangi nyingine, na mbwa ni lazima aikanyage rangi hiyo. Kwa nini? Ili asirukie toka juu na kuvunjika kwa sababu ya haraka ya mshindi. Yaani hata kama unataka kushinda, sheria inakuzuia usimuumize mnyama wako.

Lakini kuna sheria moja iliyonigusa kuliko zote. Vizuizi hupangwa upya kwa kila shindano, na mbwa haioni njia ile kabla ya kuikimbia. Mwenye mbwa ndiye anayeingia kwanza. Anatembea peke yake, bila mbwa, toka kizuizi cha kwanza mpaka cha mwisho. Anaangalia wapi pa kugeuka, wapi pa hatari, wapi yeye atasimama. Akiisha kuijua njia kwa miguu yake mwenyewe, ndipo anamleta mbwa.

Kama ningalijua sheria hiyo moja nikiwa na miaka 15, nisingekuwa na habari ya kukuandikia leo. Lakini kusema kweli niliijua. Babu alikuwa amenifundisha.

MBWA ALIYEITWA WATASEMA

Nyumbani kwetu kulikuwa upande wa barabara inayotoka Marabo kwenda Komanda. Babu yangu mzaa baba alikuwa na mbwa jike mdogo, mwekundu, mwenye kifua cheupe, masikio wima, mkia uliojikunja juu ya mgongo kama pete. Alimpata kwa wawindaji wa porini upande wa Mambasa, akatoa kuku wawili na chumvi. Majirani wakasema mzee amepotewa na akili, anatoa kuku wa nyama kwa mbwa asiyeweza hata kubweka. Basi babu akamwita mbwa yule Watasema. Kila asubuhi alisimama mlangoni na kuita kwa nguvu, "Watasema! Watasema!" Wenye kusema walielewa.

Ni kweli, mbwa wa porini kwetu habweki kama wengine. Anatoa sauti yake nyingine, kama mtu anayeimba akiwa na usingizi. Kwa hiyo wawindaji humfunga kengele ya mti shingoni ili wajue yuko wapi ndani ya majani. Wazungu wanamjua sana mbwa huyu. Mwaka 1895 walipeleka wawili Uingereza, wakafa kwa ugonjwa. Baadaye mama mmoja, Olivia Burn, akapeleka wengine, na mwaka 1937 wakaonyeshwa pale pale Crufts. Mwaka 1987 na 1988 Wamarekani walikuja kaskazini-mashariki ya nchi yetu, wakati ule ikiitwa Zaire, kutafuta damu mpya, na mwaka 1990 chama chao cha mbwa kikakubali kuwaandika katika kitabu chake. Jina walilompa ni basenji. Wewe msomaji unasikia mwenyewe maana yake: mbwa wa washenzi. Walimpenda mbwa, wakatuachia sisi tusi. Lakini hayo tuyaache.

Babu alinifundisha mambo mawili juu ya Watasema. La kwanza: "Mbwa hasikilizi maneno yako. Anaangalia mabega yako. Ukigeuza mabega, amegeuka." Nikajaribu, nikaona ni kweli. Tulifanya mazoezi nyuma ya nyumba, mimi na mdogo wangu aliyekuwa na miaka 10. Tulimfundisha Watasema kuruka gogo, kuvuka kijito juu ya mti mmoja, kuzunguka kichaka kushoto nikinyoosha mkono wa kushoto. Ilikuwa furaha tupu. Mdogo wangu alikuwa akikimbia mbele na kuruka yeye kwanza, kiisha mbwa anamfuata. Mama alituchungulia toka jikoni, akasema, "Sasa nina mbwa wawili."

Neno la pili la babu lilikuwa hili: "Usimtume mbwa mahali usipoweza kwenda wewe." Nililisikia. Nikaitika, "Ndiyo, babu." Kuitika ni rahisi.

MSIMU WA MIKIA

Kiangazi kwetu kinaanza Desemba. Majani yanakauka, watu wanachoma, na simbiliki, yule panya mkubwa wa majani ambaye wengine wanamwita ndezi, wanakimbilia sehemu zilizobaki bila kuungua, hasa kando ya vijito. Ni nyama tamu sana, hata wachimbaji wa dhahabu wanainunua kwa bei nzuri. Vijana tuliwinda kila mwaka kwa kujifurahisha. Watu wanazunguka kichaka na fimbo na mikuki, mbwa anaingia ndani, na wote wanasikiliza kengele. Kengele ikilia polepole, mbwa anatafuta. Ikilia mbio mbio, anafukuza. Ikinyamaza ghafula, ama amekamata, ama amesimama sababu ameona jambo.

Mwaka ule mnunuzi mmoja wa dhahabu aliyekuwa na duka kwetu akaleta wazo jipya. Akasema, "Ninyi wa juu ya barabara na wale wa chini ya barabara, shindaneni. Mkia mmoja wa simbiliki ni alama moja. Mwisho wa Februari, wenye mikia mingi nawapa mpira wa ngozi na mayo za timu nzima." Mpendwa msomaji, wewe unayeishi karibu na machimbo unajua namna gani mtu mwenye pesa anaweza kugeuza mchezo wa watoto kuwa kazi. Tulikuwa tukicheza mpira wa matambara na kamba za migomba. Mpira wa ngozi! Usiku ule sikulala.

Nilikuwa mkubwa wa kundi la juu, sababu mbwa alikuwa wetu. Mdogo wangu alibeba mfuko wa mikia. Kila Jumamosi jioni tulikutana dukani kuhesabu, na mwenye duka alikata alama kwa kisu juu ya fimbo mbili.

Wiki za kwanza tulikwenda vizuri. Kufika Januari, wale wa chini wakapata mbwa wawili wengine na wakatupita. Hapo moyo wangu ukabadilika. Nilianza kumnyima Watasema chakula cha jioni ili asubuhi awe mkali. Nilimpitisha juu ya majivu yenye moto bado, mpaka nyayo zikaungua, akawa analamba miguu usiku kucha. Jumapili nilisema nina homa, wazazi wakienda ibadani mimi natoroka na mbwa. Mdogo wangu alinificha. Mara moja alisema, "Yaya, Watasema amechoka. Leo tumwache alale." Nikamjibu, "Wale wa chini wamelala?"

Ona vile ilivyokuwa. Mbwa yuleyule, mtoto yuleyule, kichaka kilekile. Mwezi mmoja mbele yake nilikuwa ninafurahi nao. Sasa sikuwaona tena. Niliona fimbo mbili zenye alama.

JUMAMOSI YA MWISHO

Jumamosi ya mwisho ya Februari 1995 tulikuwa tumelingana, mikia 34 kwa 34. Karibu vichaka vyote vilikuwa vimeungua. Kilibaki kimoja kikubwa bondeni, majani marefu kupita kichwa cha mtu. Wale wa chini walikuwa upande wa pili wa kijito. Tulisikia kengele zao zinalia mbio mbio.

Bonde lile lilikuwa limechimbwa zamani. Tangu 1982, serikali ya wakati ule ilipofungua uchimbaji wa dhahabu kwa wananchi, watu walichimba huku na huku, wasipopata kitu wanahama, na shimo wanaliacha wazi. Wazee walikuwa wametukataza kucheza pale. Mimi nilijiambia mashimo yako upande wa juu, si huku. Sikwenda kuangalia. Nilijiambia tu.

Nikamtuma Watasema. Akaingia hatua chache, kengele ikanyamaza, akarudi. Nikamtuma mara ya pili, nikampiga fimbo moja. Akakwepa pembeni, akasimama, masikio mbele, paji la uso limejikunja. Mara ya tatu nilimshika ngozi ya shingo nikamkokota mpaka ukingo wa majani. Akakaa chini. Akatoa ile sauti yake ya kuimba. Wenzangu wakacheka. Toka ng'ambo ya kijito wale wa chini wakapiga kelele ya ushindi: wamepata mmoja.

Nikamgeukia mdogo wangu. Nikasema, "Ingia wewe. Piga majani, simbiliki watoke."

Akaniangalia. Akasema, "Yaya, Watasema iko naona kitu."

Nikamwambia, "Watasema ni mwoga kama wewe."

Akaweka mfuko wa mikia chini, taratibu, akaingia. Nilisikia fimbo yake inapiga majani, moja, mbili, tatu. Kiisha sikusikia fimbo tena. Nikasikia udongo unaanguka. Halafu kimya. Halafu sauti yake toka chini, mbali, inaita mama.

Shimo lilikuwa la kina cha watu watatu, mmoja juu ya mabega ya mwingine. Majani yalikuwa yamelifunika mdomo kabisa. Chini kulikuwa na maji mpaka magotini, nayo yalimwokoa na pia yalitaka kumuua. Mzee mmoja aliyekuwa mchimbaji alikuja na kamba, akashuka, akamtoa. Mfupa wa paja ulikuwa umevunjika. Watasema alikuwa amelala kando ya shimo, pua juu ya ukingo, hakuondoka mpaka mtoto alipotoka.

Tulimbeba kwa kipoyi usiku kucha mpaka hospitali ya Nyankunde. Tulifika kunapambazuka. Waganga walimpokea vizuri, wakamlaza majuma mengi na mguu umefungwa uzito wa kuunyoosha. Baba aliuza mbuzi wote na baiskeli yake. Mtoto alipona, lakini mfupa uliunga vibaya kidogo. Mpaka leo mguu wa kushoto ni mfupi kwa upana wa vidole viwili.

Mpira wa ngozi walipewa wale wa chini. Ulipasuka kabla ya Pasaka.

UONGO WANGU

Ndugu msomaji, mpaka hapa unaweza kusema, ni ajali ya watoto. Sasa sikia lililo baya zaidi.

Njiani usiku ule, baba aliniuliza, "Aliingiaje mle?" Nikajibu, "Alimfuata mbwa. Mbwa aliingia mbio, naye akamfuata." Mdogo wangu alikuwa juu ya kipoyi, macho wazi, anasikia. Hakusema neno.

Tuliporudi nyumbani, baba alimpiga Watasema. Kiisha akamtoa kwa mwindaji mpita njia, bila kuomba bei. Babu alikaa mlangoni akiangalia mbwa wake anavutwa kwa kamba, anageuka nyuma, anavutwa tena. Babu akaniangalia mimi. Aliniangalia mabega, nafikiri. Hakuniuliza kitu. Alikufa mwaka uliofuata.

Hivi ndivyo mbwa aliyekataa alivyohukumiwa kwa neno lile lile alilolikataa.

Niliishi na uongo ule miaka saba. Nikabatizwa nao. Nikaongoza kwaya ya vijana nao. Katika mwaka 2002 nikaandika barua ya kuomba nafasi katika shule ya Biblia, na pale panapotakiwa ushuhuda wa maisha nikaandika ukurasa mzuri sana, bila shimo ndani yake.

Mwezi wa Septemba 2002 vita vilifika Nyankunde. Wengi wenu mnajua. Wengine mlipoteza watu wenu siku zile. Hospitali ile iliyomponya mdogo wangu ilivamiwa tarehe 5, wengi wakauawa. Sisi, kama maelfu wengine, tulikimbia kwa miguu kupitia porini, kuelekea Oicha katika Kivu ya Kaskazini. Siku nyingi za kutembea. Mdogo wangu alikuwa kijana sasa, lakini mguu ule haukutengenezwa kwa safari kama hiyo. Siku ya tatu goti na nyonga vilivimba. Watu wakawa wanatupita. Usiku tukakaa chini ya mti, mimi na yeye, wazazi mbele kidogo. Nilimkanda mguu kwa maji ya moto. Nilikuwa nimeushika mikononi, mguu wenyewe. Sikuweza tena.

Nikasema, "Mimi ndiye niliyekutuma."

Akanyamaza. Kiisha akasema, "Yaya, nilijua. Nilikuwako."

Nikasema, "Kwa nini hukumwambia papa?"

Akasema, "Nilingojea useme wewe."

Tulilia kidogo, kimya kimya, sababu porini kulikuwa hatari. Halafu akasema neno ambalo silisahau: "Miye umenipata hapa, umeniomba. Lakini Watasema utamwomba wapi?"

Tulipofika Oicha nikamwambia baba. Alisikiliza mpaka mwisho. Alikaa kimya muda mrefu, kiisha akasema, "Kumbe nilimfukuza shahidi." Hakuniongezea adhabu. Neno lile lilitosha. Nikachana ule ukurasa wa ushuhuda, nikaandika mwingine. Shule ya Biblia wakanipokea na huo wa pili.

PUNDA WA BALAAMU

Katika masomo yetu tulifika Hesabu sura ya 22, habari ya Balaamu na punda wake. Unaijua. Punda aliona malaika njiani ameshika upanga, nabii hakuona. Punda alikataa mara tatu, na mara tatu Balaamu akampiga. Mwalimu akauliza darasani, "Nani alikuwa mwenye macho hapa?" Wenzangu walicheka. Mimi niliomba ruhusa nikatoka nje.

Kwa hiyo nilipoona kwenye telefone kwamba hata katika mchezo wa wenzetu kukataa mara tatu kunawatoa wote wawili, nikaona ni sheria ya haki. Anayekataa si lazima awe mwasi, na asiye mwasi si lazima awe mwoga. Pengine anaona kitu. Kama mimi ndiye ninayeongoza, kukataa kwake kunanihusu mimi kwanza.

Sasa nakuuliza wewe unayesoma. Wewe ni baba, una mtoto asiyetaka kwenda mahali fulani, kwa mtu fulani, hata umpige. Umewahi kuuliza anaona nini? Wewe ni mkubwa wa shimo, yule tunayemwita PDG, umesimama juu na kitabu cha hesabu, na kijana anakwambia udongo leo unalia, hataki kushuka. Utamwambia ni mwoga? Umeshuka wewe leo asubuhi ukaangalia miti inayoshika kuta? Wewe ni mama, umemtoa binti shuleni akauze chakula machimboni usiku. Wewe mwenyewe umepita njia ile usiku?

Sheria ya madini ya nchi yetu, ile ya 2002 iliyorekebishwa 2018, inatoa karte ya mchimbaji kwa mtu mzima tu. Mtoto hana kazi ndani ya shimo. Tunaijua sheria hiyo kama nilivyoijua sheria ya babu. Kuitika ni rahisi.

Na mashimo yale tunayoyaacha wazi tukihama, kaka zangu wachimbaji, majani yatayafunika. Msimu mmoja wa mvua unatosha. Aliyechimba atakuwa mbali, amesahau, na mtoto asiyekuwa amezaliwa siku ile atakuja kutafuta simbiliki. Rudisheni udongo. Kama hamwezi, zungushieni hata miti na miiba. Ni kazi ya nusu siku. Mguu wa mdogo wangu una miaka mingi sasa.

KURUDI BARAZANI

Nirudi kwenye jioni ile ya telefone. Kesho yake nikawaita vijana, nikawaambia wanionyeshe tena picha ya yule mama na mbwa. Nikasema, "Safari hii msiangalie mbwa. Mwangalieni mama." Wakaangalia. Wakaona vile anavyogeuza mabega kabla ya mbwa kugeuka. Wakaona hashiki fimbo. Mahali pamoja mbwa alikosea njia, naye mama akajipiga kofi pajani mwake mwenyewe, maana alijua ni yeye aliyesimama vibaya. Nikawaeleza kwamba alikwisha kuitembea njia ile peke yake, kabla ya mbwa. Kiisha nikawasimulia habari hii yote, mbele ya mtoto wangu aliyekuwa haijui.

Mdogo wangu anaishi Komanda, ni fundi cherehani. Ana mke na watoto wanne. Kiatu chake cha kushoto ana kisigino cha ziada ambacho alikitengeneza mwenyewe. Alipotutembelea, vijana wakamwonyesha ile picha pia. Akaiangalia kwa furaha, akauliza maswali mengi, mbwa analishwa nini, vijiti vina urefu gani. Kiisha akamwambia mtoto wangu, "Miye nilikuwa naruka gogo mbele ya Watasema. Uliza papa yako. Nilikuwa naruka vizuri."

Nikasema, "Ni kweli. Aliruka vizuri kuliko wote."

YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Katika nyumba yetu, nani anatumwa mahali ambapo mwenye kumtuma hajapita?

2. Je, kuna mtu ambaye tumemhukumu kwa kosa la mwingine? Yuko wapi sasa, na bado tunaweza kumpata?

3. Karibu na nyumba yetu au kanisa letu kuna shimo gani lililoachwa wazi? Vijana, Jumamosi hii, pamoja na watu wazima, twende tukalitie alama na kulifunika.